Chupa Sita Zilizofukizwa Ubani

Kuna mtu mmoja huko milimani Dima wa Tayyin, hapa Oman, ambaye nusura nimng'oe kijijini kwake kwa ajili ya kitenzi kimoja cha Kiswahili. Yeye mwenyewe Kiswahili hajui hata neno, kwa hiyo hata kujitetea asingeweza. Nimeona niyaandike haya kabla mama hajamaliza kuyasimulia kwa kila mgeni anayeingia nyumbani. Ameahidi kunisahihisha ngeli, kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisiuseme umri wake.

Mimi ni mkemia wa maji. Kemia nimeisoma kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili changu nilikiokota jikoni. Mama alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman msichana mdogo, akaolewa Ibra, na Kiswahili alichokuja nacho hakukubali kipungue hata herufi moja. Mimi nimezaliwa hapa hapa Ibra. Utoto wangu wote yeye akiuliza kwa Kiswahili mimi nikijibu kwa Kiarabu, na tukaishi kwa amani. Sasa nimekuwa mtu mzima na nimejitia kukisema, na mama hunisikiliza kama mtu anayechagua mchele, akitoa chuya moja moja na kuziweka pembeni nizione.

Huko Dima tuna mtambo mdogo unaosafisha maji ya bwawa kwa ajili ya vijiji vya juu. Mvua ikinyesha milimani, wadi, bonde la mto ambalo siku nyingine zote ni kavu, huteremka na kila kilicholala njiani: majani, magome, samadi ya mbuzi, tende zilizooza. Mchanga na tope ni rahisi kuvichuja. Shida ni kile kilichokwisha kuyeyuka, mabaki ya mimea na wanyama yasiyoonekana ila kwa rangi, maana maji hugeuka kama chai iliyopikwa na mtu mchoyo wa majani. Ukitia klorini kwenye maji ya namna hiyo, klorini inagombana na mabaki hayo, na ugomvi wao unazaa vitu ambavyo hungependa mtoto wako avinywe kila siku.

Basi tukaletewa mashine ya ozoni kwa majaribio, ndani ya kontena. Ozoni ni ndugu wa ile oksijeni tunayovuta, ila ndugu mkorofi. Inatengenezwa papo hapo kwa umeme, inaingizwa chini ya mnara uliojaa maji, inapanda kwa mapovu madogo madogo na kuyakatakata yale mabaki. Haiyaondoi, na hapo watu wengi hukosea. Inayakata tu yawe vipande vidogo. Kisha maji hupita kwenye tangi la mkaa ambamo bakteria wamejijengea makazi, na hao ndio wanaovila vile vipande. Ozoni yenyewe haikai, dakika chache tu imekwisha kupotea.

Nilimweleza mama yote hayo jioni moja, nikichora kwenye karatasi ya bahasha. Akavaa miwani, akatazama mnara wangu.

"Kumbe mnayafukiza maji," akasema.

"Hatufukizi, Mama. Hii sayansi."

"Moshi unaingia chini, unapanda juu, maji yanabadilika. Hebu n'ambie, sisi tukifanya hivo kwa mtungi tulikuwa tukiitaje?"

Ni kweli kwamba nyumbani kwetu maji ya mgeni hayatoki kwenye friji. Yanatoka kwenye jahla, mtungi wa udongo unaoning'inia barazani. Kabla ya kuujaza, mama huweka ubani na mastaka kidogo juu ya kaa la moto kwenye chetezo, akaufunika mtungi juu yake mdomo chini mpaka moshi ujae tele, kisha akaugeuza na kumimina maji haraka. Mgeni akinywa anafumba macho. Nilimwambia mama kwamba moshi wake unaingia ili ubaki, na hewa yetu inaingia ili ipotee. Akasema hiyo ni hasara ya hewa.

Sasa nimlete huyo mtu wa Dima. Ndiye fundi anayeuangalia mtambo, rika langu, mwembamba, mwenye maneno machache. Nyumba yake unaiona ukisimama penye ngazi ya mnara, na chini yake zizi la mbuzi. Ndani ya nyumba hiyo kuna baba yake, ambaye ni wa kitandani. Kila adhuhuri fundi hushuka, humgeuza mzee wake, humlisha, husali, hurudi. Kazi yake haikuwa na sifa kubwa ila hiyo moja, kwamba iko umbali wa dakika tano kutoka kitanda cha baba yake.

Majaribio yakafika kwenye vipimo vya mwisho, vile vitakavyoamua kama mashine ibaki au irudi kwa wenyewe. Maabara ya Maskati wakaniletea chupa sita za kioo cha kahawia. Tatu za maji yanayoingia na tatu za maji yanayotoka. Chupa hizo husafishwa kwa moto mkali mpaka zisibaki na chochote, maana mashine yao huhesabu kila chembe ya mabaki, na mtu akipiga chafya karibu nazo itaonekana kwenye majibu. Wiki hiyo hiyo ofisi yetu ya Ibra ilikuwa inapakwa rangi. Niliingia nikakuta mtu wa kupaka rangi amezifungua zote kuchungulia kilichomo, na moja ameigeuza kikombe cha brashi. Nilimwambia maneno ambayo mama hatayapitisha hapa. Nikaomba chupa nyingine badala ya ile moja, nikazibeba zote nyumbani kwa sababu moja tu, kuziepusha na harufu ya rangi.

Nikazisuuza kwa maji ya maabara, nikazipanga juu ya sinia safi katika chumba cha wageni zikauke. Nilikuwa na mafua makali siku hiyo, pua imeziba kama imetiwa gundi, na ilinibidi niende kutafuta dawa na vizibo vipya. Mlangoni nikamwita mama, nikamwambia, kwa Kiswahili changu kizuri kabisa:

"Mama, chupa zile usiziguse mikono. Muhimu zisinuke. Zisinuke kabisa!"

"Inshallah, mwanangu," akasema mama.

Niliporudi chupa zilikuwa pale pale, kavu, zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha. Nikazitia tone moja moja la asidi, nikazifunga vizibo.

Asubuhi nikapanda Dima. Kwenye mtambo nilikaa kivulini na karatasi zangu na tishu zangu, nikawa naandika namba na kumpa fundi chupa moja moja akazijaze, tatu kwenye bomba la juu yanakoingia maji, tatu kwenye bomba la chini ya ngazi yanakotokea. Chupa hizi hatuzisuuzi kwa maji ya bomba, zina tone la asidi ndani, unafungua na kujaza. Alipofungua ya kwanza alisimama, akavuta pumzi, akanitazama.

"Riha zeina," akasema. Harufu nzuri.

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Mwanamke peke yake mlimani na mwanamume anaanza habari za harufu nzuri. Nikamkazia macho, nikamwambia afanye kazi iliyomleta. Akainama, akajaza chupa, hakusema tena neno mpaka naondoka. Laiti ningefikiri kidogo. Siku hiyo sikuwa nimejipaka kitu zaidi ya dawa ya mafua, ile ya kusugua kifuani, na hakuna mwanamume duniani aliyewahi kuisifu.

Majibu yalikuja baada ya siku kadhaa. Maji yaliyoingia na maji yaliyotoka yalikuwa sawasawa, na yote mabaki yake juu kuliko tulivyowahi kuona. Huko kuwa juu nilikuwa na maelezo yake, mvua ilikuwa imenyesha. Huku kulingana ndiko kulikonipandisha damu. Kwangu mimi kulikuwa na maana moja: fundi ameona uvivu kushuka ngazi, akajaza chupa zote sita kwenye bomba moja. Na kile kitu cha harufu nzuri kilikuwa bado kinanichoma. Nikaandika ripoti kwa dakika kumi, nikaongeza kwamba mhudumu huyu hana makini na mwenendo wake kazini hauridhishi. Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa na kipimo chochote nyuma yake.

Mkuu wangu aliisoma mlango umefungwa. Yeye familia yao walitoka Tabora, na tukiwa wawili tunazungumza Kiswahili, chake cha bara na changu cha jikoni.

"Dada, una uhakika? Hii ni siriasi. Jamaa anaweza kupigwa transfa."

"Nina hakika," nikasema, nikapenga kamasi.

Wiki haikwisha, ikaamuliwa. Mashine irudi kwa wenyewe. Fundi, kuanzia mwanzo wa mwezi unaofuata, ahamie ghala la mabomba huko Aija, ng'ambo ya khor, mkono wa bahari wa mji wa Sur, safari ya saa nyingi kutoka kitanda cha baba yake. Alinipigia simu mara moja. Hakugombana. Aliapa tu kwamba alijaza kwenye mabomba mawili, kisha akaniuliza, "Na baba yangu nimwache na nani, ustadha?" Nilimjibu kwamba hilo si swali la maabara. Nimeliandika hapa hivyo hivyo nilivyolisema, kwa sababu mama amesema nisijipunguzie.

Jumatano iliyofuata mama alirudi kutoka soko la wanawake na ubani mpya, maana jioni tulikuwa na wageni. Mafua yangu yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa jikoni nikikata limau, harufu ikaja kutoka barazani, tamu, nzito. Nikatoka nikamkuta mama ameushika mtungi juu ya chetezo kwa mikono miwili.

"Umeuona huo?" akasema kwa fahari. "Huu ndo aina ile ile niliyozifukizia zile chupa zako."

"Chupa gani?"

"Zile za rangi ya dawa. Sita. Sikuzigusa kwa mkono, wallahi, nilizishika na kitambaa. Kwani hukun'ambia zisinuke?"

"Nilikwambia zisinuke!"

"Na hazikunuka. Zilinukia."

Nilibaki na kisu mkononi. Mama, kwa kuona sura yangu, akadhani ni swali la lugha, akaniweka chini kwa upole. Kinachonuka ni samaki aliyelala, ni soksi, ni mdomo wa mtu mfitini. Kinachonukia ni asumini, ni biriani, ni mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa. Mtu akikwambia kitu kisinuke, na chombo chenyewe ni cha maji, unakifukiza, unafanya nini kingine? Ningetaka zisiwe na harufu ya aina yoyote, nzuri wala mbaya, basi ningesema hivyo. "Tena ulisema kabisa," akaongeza. "Ndo maana nikazirudia mara mbili."

Nikapiga kelele. Kisha nikacheka, maana niliuona moshi wa ubani ukiingia kwenye mashine ya maabara ya Maskati na mashine ikihesabu kwa bidii, mpaka tofauti ya maji na maji ikazama humo. Nyuma ya kicheko ndipo nikamkumbuka yule mtu amesimama na chupa wazi mkononi, akinusa. Chupa ndiyo aliyoinusa, siyo mimi. Nikaona haya, haya yaliyonifanya nikae chini sakafuni nikiwa na kisu changu na nusu ya limau.

Nikamweleza mama yote. Ya ripoti, ya Aija, ya simu. Nilipofika kwenye baba wa kitandani akauweka mtungi chini.

"Hajiwezi kabisa?"

"Kabisa."

"Na wewe ukamjibu vile." Akaniondolea kisu mkononi. "Hasira hasara, nimekwambia tangu una miaka mitano. Inuka. Piga simu sasa hivi, wageni watasubiri."

Nikampigia mkuu wangu, nikasikia kitu kama mtu anayejiziba mdomo. "Sasa dada, mimi kwenye fomu niandike nini? Sababu: ubani?" Kisha akawa mtu mwema, na wema wake ndio ulikuwa mtihani. Akasema tuandike hitilafu ya vifaa, tuombe vipimo virudiwe, mambo yaishe, hakuna haja ya kumwingiza mama wala mimi kuchekwa mpaka Maskati. Nilipenda sana wazo hilo kwa muda wa kama dakika mbili. Lakini hitilafu ya vifaa ingeokoa mashine tu. Ile sentensi yangu kuhusu mwenendo wa fundi ingebaki kwenye faili lake, na barua ya Aija ilikuwa imejengwa juu yake.

Nikaandika ukurasa mzima. Nikasema kosa ni langu, kwamba nilitoa maagizo kwa lugha nisiyoijua vizuri, kwamba fundi alihisi harufu kwenye chupa na kuniambia na mimi nikamnyamazisha, kwamba nililoandika juu ya mwenendo wake sikuwa na ushahidi nalo. Kueleza kunuka na kunukia kwa Kiarabu kwa watu wa ofisi kuu haikuwa kazi ndogo. Ilinichukua aya mbili. Mmoja wao alinipigia simu niisome mwenyewe kwa sauti, na nilisikia kabisa kwamba amewaita wenzake wasikilize. Niliisoma. Barua ya uhamisho ikafutwa, na tukaruhusiwa kurudia vipimo.

Mama akasema anakuja Dima. Nikamwambia ni kazini, si karamu. Akasema kilichofukizwa kimefukizwa kwa mkono wake, na mkono mtupu haulambwi, akafunga halwa na birika la kahawa kwenye kikapu. Njia nzima alikuwa akitazama milima na kuniuliza watu wa huko wanaona vipi mwezi wa Ramadhani na mlima umewaziba.

Fundi alitupokea mlangoni kwake. Ndipo nilipoona zizi. Lilikuwa limebaki na mbuzi jike mmoja mzee, kavu, na mlango wake uko wazi kwa sababu hakukuwa tena na wa kukimbia. Alikuwa amekwisha kuwauza. Barua ilipomfika hakungoja, maana Aija asingeweza kuwachunga, na baba yake, fundi alikuwa amepanga kumpeleka kwa dada yake aliyeko Al Qabil. Mimi nilikuwa nimekuja na habari njema mdomoni, nikakosa pa kuianzia.

Nikaianzia kwenye kosa. Nilimwambia yote kwa Kiarabu, yeye akisikiliza anatazama chini. Nilipofika kwenye harufu nzuri akainua kichwa.

"Nilisema chupa," akasema. "Ukanitazama kama nimekutukana. Nikasema moyoni, labda Maskati siku hizi wanazitia manukato."

"Nilidhani unanisemea mimi."

Akafikiri. "Wewe ulikuwa unanukia dawa ya kifua, ustadha."

Mama, ambaye alikuwa amejikaza tangu mlangoni, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Fundi naye akatabasamu kidogo, kwa ajili ya mama tu, nadhani. Mama akamuuliza habari za mbuzi, akamjibu kwamba Mungu atafidia. Mama akanigeukia akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu." Kisha akaingia ndani kumsalimia mzee, na kupitia dirishani nikamsikia akimnywesha kahawa na kumlalamikia juu yangu.

Tukapanda mtamboni sisi watatu. Mama alitaka kuuona mnara wangu. Akasimama mbele yake muda mrefu, akitazama mapovu yakipanda, akanitupia jicho ambalo lilisema kufukiza ni kufukiza. Fundi akamkingia gilasi kwenye bomba la mwisho. Mama akainusa kwanza. Akanywa funda moja, akaliviringa mdomoni, akanywa la pili.

"Hayanuki," akasema. "Wala hayanukii."

"Amesemaje?" fundi akauliza.

Nikajaribu kumfasiria, safari hii kwa uangalifu, nzuri hakuna na mbaya hakuna. Akatikisa kichwa kukubali. Nami nikafikiri kwamba miaka yote ya chuo kikuu sikuwahi kuisikia kazi yangu ikielezwa vizuri namna ile, kwa maneno mawili, na yote mawili nilikuwa siyajui.

Kisha tukaja kwenye chupa. Sita mpya, zimefungwa na maabara, sikuzipitisha nyumbani. Nikampa ya kwanza. Hakwenda nayo bombani. Akaifungua, akaileta mpaka chini ya pua yangu, uso wake hauna kicheko hata chembe.

"Shimmi," akasema. Nusa.

Nikanusa. Nikamwambia hakuna kitu. Akaenda akaijaza, akarudi, akachukua ya pili, akaifungua, akainyoosha kwangu tena. Vipimo hivyo vilitoka vizuri na mashine bado iko Dima, lakini mimi nikiukumbuka mtambo ule nakumbuka hilo. Alinipandia na kunishukia ngazi ile mara sita, juu na chini, mama akihesabu kwenye kiti kivulini, na hakuna hata chupa moja aliyoijaza kabla sijainusa. Nyuma yake, kule chini, mlango wa zizi ulikuwa bado wazi.